Alama moja, vichwa viwili tofauti: kwa nini mafunzo ya marubani wa kivita yanapaswa kupima mzigo wa akili

#1 Mleta uzi

Wanajukwaa, salaam.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mkufunzi wa simuleta (mashine ya kuigiza urukaji) katika chuo kimoja cha urubani wa kiraia, na jioni moja nililetewa wanafunzi wawili kwa zoezi lile lile: kuishusha ndege ya injini mbili kwa kutegemea ala pekee, yaani vipimo vya ndani ya chumba cha rubani, mawingu yakiwa chini, upepo ukivuma kutoka kulia, na injini moja ikiwa imezimwa. Wote wawili waliifikia njia ya kutua wakiwa ndani ya viwango. Mwendo ulikuwa sahihi, kimo kilikuwa sahihi, na sindano ya mwelekeo haikuvuka mipaka. Kwa mujibu wa fomu niliyokuwa nayo mezani, walistahili alama ile ile.

Kwa kuwa muda ulikuwa umebaki, niliwarudisha mwanzo, mmoja baada ya mwingine, na safari hii nikaongeza jambo dogo. Ndege ilipokuwa futi 1,500 juu ya uwanja niliigiza sauti ya mnara wa kuongozea ndege, nikamtaka rubani abadili masafa ya redio na kurekebisha altimita (kipima kimo) kwa kipimo kipya cha shinikizo la hewa. Wa kwanza alinyamaza kidogo, akaiweka ndege sawa, akayarudia maagizo neno kwa neno, kisha akayatekeleza. Wa pili hakujibu. Nikarudia, na bado hakujibu. Katika spika nilizisikia pumzi zake, fupi fupi, kama za mtu anayepanda ngazi na gunia begani, na wakati huo wote ndege ilikuwa inakwenda vizuri kabisa. Nilipomwita kwa jina, mkono wake uliondoka kwenye usukani kuelekea kitufe cha redio, na katika sekunde zile chache ndege ikashuka futi 200 chini ya pale ilipopaswa kuwa. Baadaye aliniambia, nami nilimwamini, kwamba mara mbili za kwanza hakusikia chochote.

Fomu haikuwa na mahali pa kuliandika jambo hilo. Niliandika "amefaulu" mara mbili, nikatia saini, na tangu siku hiyo sijaacha kulifikiria. Nimelisoma kwa miaka mingi, hasa kwa upande wa ndege za kivita ambako gharama ya kutolijua ni kubwa zaidi, na leo nimeona niliweke hapa tulijadili.

Mzigo wa akili, kwa maana inayotumiwa na watu wa fani hii, ni kiasi cha uwezo wa kufikiri ambacho kazi fulani humchukulia mtu fulani kwa wakati fulani. Kazi inayomjaza kichwa mwanafunzi mwenye saa 40 angani humwachia mkongwe wa saa 2,000 nafasi ya kutazama nje, kuisoma hali ya hewa ya mbele na kumsikiliza mwenzake. Hicho kinachobaki ndicho ninachokiita akiba. Wahenga walisema akiba haiozi, na ndani ya chumba cha rubani akiba hiyo huchukuliwa siku taa nyekundu inapowaka bila kutarajiwa. Mtihani wa kawaida wa urubani hupima kazi iliyofanyika. Haupimi kilichobaki kichwani baada ya kazi hiyo kufanyika, na mwanafunzi ambaye hakubakiwa na kitu huonekana sawasawa na yule aliyebakiwa na nusu.

Rubani wa ndege ya kivita ya kiti kimoja hana msaidizi. Yeye ndiye anayeirusha ndege, anayeisoma rada, anayezishughulikia silaha, anayemfuatilia mwenzake wa ubavuni, anayesikiliza redio zaidi ya moja na anayehesabu mafuta ya kumrudisha nyumbani, tena mwili wake ukibanwa na nguvu inayoweza kuufanya uwe na uzito mara 9 ya kawaida. Mshika mbili moja humponyoka, na huyu ameshika sita.

Hili limechunguzwa vizuri nchini Finland. Heikki Mansikka, Kai Virtanen na wenzao waliwapima marubani wa ndege za kivita za F/A-18 wa jeshi la anga la nchi hiyo wakiwa katika mtihani wao halisi wa kuruka kwa ala, ndani ya simuleta, na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Alama zilitolewa kwa viwango rasmi vya jeshi hilo, na papo hapo moyo wa rubani ukawa unapimwa: mapigo yake kwa dakika, na jinsi muda kati ya pigo na pigo unavyobadilika. Waligundua kwamba vipimo vya moyo vilitofautisha sehemu ngumu za mtihani na sehemu nyepesi hata pale ambapo alama za urukaji hazikuonyesha tofauti ya maana. Pendekezo lao ni lile ambalo mimi ningelitamani siku ile: mzigo wa akili upimwe pamoja na utendaji katika mtihani wenyewe.

Kuna ajali moja ambayo kila nikiisoma ripoti yake naona jinsi akiba inavyomalizika hatua kwa hatua. Usiku wa tarehe 19 Mei 2020, ndege ya F-35A ilianguka ikitua katika kambi ya Eglin, Florida. Rubani alijirusha kwa kiti cha dharura akanusurika, ndege ikateketea. Ripoti ya jeshi la anga la Marekani inasema kwamba ndege iligusa ardhi ikiwa na mwendo wa takriban kilomita 374 kwa saa, yaani kama kilomita 90 zaidi ya unaofaa, kwa sababu mfumo wa kushikilia mwendo ulikuwa umewashwa na haukuzimwa. Ilipodunda, kompyuta za kuongoza ndege zikapingana na mikono ya rubani. Lakini tazameni mambo mengine ambayo ripoti hiyo iliyataja kuwa yalichangia: picha inayoonyeshwa ndani ya kofia ya rubani haikuwa imelingana na hali halisi ya nje, ikamvuta macho na mawazo katika dakika ambazo hakuweza kumudu kuzipoteza; uchovu ulikuwa umepunguza uwezo wake wa kufikiri; hata namna ya kupumua kwa kutumia mfumo wa oksijeni wa ndege hiyo ilihesabiwa kuwa ni kazi iliyomla nguvu. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo peke yake lingemshinda rubani aliyefundishwa. Yalipangana juu ya kichwa kimoja, na kitufe cha mwendo kikasahaulika.

Watu wa ndege za kijeshi hawakuanza jana kulijua tatizo hili, ingawa zamani hawakulipa jina hili. Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa Wright Field karibu na Dayton, Ohio, ndege ya majaribio ya Boeing Model 299 ilipaa, ikanyanyua pua kupita kiasi, ikaanguka. Meja Ployer Hill, rubani mzoefu kabisa, alifariki, na Leslie Tower wa kampuni ya Boeing akafariki baadaye kwa majeraha. Kufuli zinazozuia mkia usitikiswe na upepo ndege inapokuwa imeegeshwa hazikuwa zimefunguliwa. Ndege ilikuwa na mambo mengi mno ya kukumbukwa na mtu mmoja, na dawa iliyopatikana ikawa karatasi: orodha ya ukaguzi, ambayo leo kila rubani duniani anaisoma kabla ya kupaa. Ndege hiyo ndiyo iliyozaa ndege ya mabomu ya B-17. Miaka michache baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alikuta kwamba marubani wa B-17 waliokwisha kutua salama walikuwa wanayakunja magurudumu badala ya kuzirudisha flapu (vibao vya nyuma ya mabawa), kwa sababu viwashio viwili vilifanana na vilikaa pamoja. Alipendekeza kimoja kipewe umbo la gurudumu na kingine umbo la bawa, ili vidole vijue hata kama akili imechoka. Kote kuwili mzigo ulipunguzwa kwa kubadilisha kitu kilicho nje ya kichwa. Kujua kilichomo ndani ya kichwa kulichukua muda mrefu zaidi.

Sasa tuje kwenye kupima. Njia ya kwanza ni kumwuliza mwenyewe. Mwaka 1988 Sandra Hart wa kituo cha utafiti cha NASA Ames huko California na mwenzake Lowell Staveland walichapisha dodoso linaloitwa NASA-TLX, ambalo mpaka leo ndilo linalotumika zaidi. Lina mizani sita: mahitaji ya kiakili, mahitaji ya kimwili, shinikizo la muda, jinsi mtu anavyoyaona matokeo yake, juhudi aliyoitumia, na kiasi alichokereka au kuvunjika moyo. Waingereza wa kituo cha Bedford wao walikuja na mizani ya ngazi 10, na mimi naipenda zaidi kwa kazi ya ufundishaji kwa sababu swali lake ni la akiba moja kwa moja: je, ulipokuwa unafanya kazi hii, ulibakiwa na uwezo wa kushughulikia kitu kingine?

Njia ya pili ni kile nilichokifanya jioni ile bila kujua kina jina: kazi ya ziada. Rubani hupewa jambo dogo lisilo na uzito, kama kubonyeza kitufe anaposikia mlio fulani, na anavyochelewa kujibu ndivyo unavyojua jinsi kazi kuu ilivyommaliza. Frédéric Dehais na wenzake wa chuo cha ISAE-SUPAERO, Toulouse, wameonyesha katika simuleta kwamba marubani walioelemewa wanaweza kukosa kabisa kusikia king'ora kinacholia chumbani mwao. Masikio yao ni mazima na sauti ni kubwa, lakini ubongo hauipokei. Nilipozisoma kazi zao ndipo nilipomwelewa mwanafunzi wangu.

Njia ya tatu ni mwili wenyewe, na hapa ndipo fedha na matumaini mengi vilipo sasa. Daniel Kahneman na Jackson Beatty walionyesha mwaka 1966 kwamba mboni ya jicho hupanuka kadiri mtu anavyoongezewa tarakimu za kushika kichwani, na hurudi kusinyaa anapozitaja moja baada ya nyingine. Moyo nao, kama walivyoona Finland, hubadilika: mzigo ukizidi, ile tofauti ndogo ya muda kati ya pigo na pigo hupungua, moyo ukawa unakwenda kama saa ya ukutani. Katika ubongo, vipimo vya EEG vinavyosoma umeme juu ya ngozi ya kichwa huonyesha mawimbi ya theta yakiongezeka sehemu ya mbele na mawimbi ya alfa yakipungua sehemu za nyuma. Kipo pia kifaa cha mwanga usioonekana kinachowekwa kwenye paji la uso, kikapima oksijeni iliyomo kwenye damu ya ubongo wa mbele.

Kila kimoja kati ya hivyo kina udhaifu, na anayewauzia majeshi vifaa hivi bila kuusema anawapotosha. Mboni hubadilika zaidi kwa mwanga kuliko kwa mawazo, na ndege inayoingia na kutoka mawinguni hubadilisha mwanga kila mara. Moyo huenda mbio kwa hofu, kwa joto, kwa kahawa na kwa nguvu inayoubana mwili ndege inapogeuka kwa ukali. EEG huchafuliwa na kukaza taya, kupepesa macho na jasho chini ya kofia. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kwa uangalifu, kama Glenn Wilson alivyofanya kwa miaka mingi katika maabara ya jeshi la anga la Marekani huko Wright-Patterson, hukusanya vipimo kadhaa kwa pamoja na hawakiamini kimoja peke yake.

Mwaka 2018 jeshi la anga la Marekani lilianzisha huko Austin, Texas, jaribio lililoitwa Pilot Training Next. Wakati huo lilikuwa na upungufu wa marubani wapatao 2,000, na lilitaka kujua kama teknolojia inaweza kufupisha mafunzo. Wanafunzi 20 waliingia, wakatumia miwani ya uhalisia pepe kwa saa nyingi, huku vifaa vikifuatilia mwitikio wa miili yao wakati wanajifunza, kisha wakaruka kwa ndege halisi za mafunzo za T-6. Baada ya takriban miezi 6, badala ya karibu mwaka mzima, 13 walihitimu. Magazeti yaliandika zaidi juu ya miwani. Mimi kilichonigusa ni wazo lililokuwa nyuma yake: kwamba somo la kesho lisipangwe kwa kalenda ya darasa zima, bali kwa hali ya kichwa cha mwanafunzi huyu. Akiwa amejaa, usimwongezee. Akiwa na nafasi, usimpotezee muda kwa kurudia anayoyaweza usingizini.

Wazo hilo lina mizizi ya zamani kidogo. Mwaka 1995 Alan Pope na wenzake wa NASA Langley walitengeneza mfumo uliosoma EEG ya mtu akiwa kazini, ukakokotoa kiwango cha umakini wake, kisha ukaamua wenyewe ni wakati gani mashine imwachie mtu kazi na ni wakati gani imsaidie. Nawaomba mlitazame hilo kwa upande wake wa pili pia: mtu asiye na mzigo wa kutosha naye huwa hatarini, kwa kuwa akili yake huondoka kazini polepole bila yeye kujua. Mkufunzi mzuri humweka mwanafunzi katikati, na wakufunzi wazuri wamekuwa wakilifanya hilo kwa macho na masikio tangu urubani uanze. Hoja yangu ni kwamba macho na masikio hayatoshi. Mimi mwenyewe niliwatazama wale wawili dakika 40 kila mmoja na sikuiona tofauti yao hadi nilipoitafuta.

Karibuni kwa maswali na mapingamizi.

#2 Mchangiaji

Mkuu, asante kwa uzi huu, nimeusoma wote bila kuruka aya. Swali langu ni dogo. Siku hizi saa za mkononi zinapima mapigo ya moyo na zinauzwa kila mahali. Kwa nini mwanafunzi asivalishwe saa ya namna hiyo tu, mapigo yakipanda tukajua kwamba amezidiwa?

#3 Mleta uzi

Mkuu, swali si dogo, kwa sababu ndiyo njia ya mkato ambayo wengi huiona kwanza. Mapigo yakipanda unajua kwamba kuna kitu kimetokea, ila hujui ni kitu gani. Imejulikana kwa muda mrefu kwamba wanaporuka wawili, anayeishika ndege huwa na mapigo ya juu kuliko anayetazama, na wakibadilishana nafasi, mapigo nayo hubadilishana. Hapo ni akili inayofanya kazi, au ni uzito wa dhamana? Bila shaka ni vyote viwili, na saa haiwezi kukutenganishia.

Kinachosaidia ni kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe. Unampima akiwa ametulia kitini kabla ya kuanza, unampima katika zoezi jepesi, kisha katika zoezi gumu, na unatazama amesogea kiasi gani kutoka mahali pake. Wapo watu ambao moyo wao hupiga 90 wakiwa wamekaa tu kwa sababu mkufunzi yuko nyuma yao. Ukimlinganisha mtu kama huyo na mwenzake mwenye 60 utamwonea. Tena ule muda kati ya pigo na pigo, ambao ndio wenye habari nyingi, unahitaji kipimo cha umeme wa moyo kilichobandikwa kifuani. Kipimo cha mwanga kwenye kifundo cha mkono huharibika mkono unaposhughulika, na mkono wa rubani haukai bure.

#4 Mchangiaji

Vijana, mimi nimestaafu jeshini, sikuwa rubani bali fundi wa ndege, na nimewaona marubani wengi wakija na kuondoka. Mleta uzi ameeleza vizuri lakini nina wasiwasi wa aina mbili. Kwanza, vita haina huruma, na mafunzo ya kijeshi yamewekwa yawe magumu makusudi ili asiyeweza kubeba aonekane mapema. Ukianza kumpunguzia mwanafunzi mzigo kila anapotoa jasho, utampeleka vitani mtu ambaye hajawahi kuelemewa. Pili, hivi vipimo vikishaandikwa kwenye jalada, nani atavisoma? Nimeona watu wakiondolewa kozi kwa mambo madogo kuliko mapigo ya moyo.

#5 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu, na ninakushukuru kwa kuyasema haya mawili, kwa kuwa ndiyo yanayoamua kama kazi hii itawasaidia marubani au itawadhuru.

Kuhusu la kwanza, tunakubaliana kwamba rubani lazima aelemewe akiwa mafunzoni, tena zaidi ya mara moja. Ninachosema ni kwamba mkufunzi ajue ni lini ameelemewa. Mwanafunzi wangu wa pili alikuwa ameelemewa kabisa, na mfumo mzima ulimwona kuwa ni mtu aliyefaulu. Mafunzo magumu yaliyotegemewa yamfichue hayakumfichua, kwa sababu alikuwa hodari wa kutosha kuificha hali yake kwa kuacha kila kitu kingine na kushika usukani tu. Angefika kikosini na alama nzuri, na siku ya kwanza redio ikilia, adui akitokea na mafuta yakipungua kwa pamoja, ndipo angegundulika. Kumwelemea mtu kwa makusudi na kwa kipimo ni mafunzo. Kumwelemea bila kujua hakumfundishi kitu, maana akili iliyojaa haihifadhi somo. Hutoka pale ikikumbuka jasho na kelele tu.

Nalipokea pia wazo kwamba lazima aonje kuzidiwa ili ajue anachofanya anapozidiwa. Kila rubani hufundishwa mpangilio ule ule: irushe ndege kwanza, jua ulipo na uendako, halafu ndipo useme na redio. Mwanafunzi yule alipoacha kujibu mnara alikuwa, kwa maana moja, anaufuata mpangilio huo, na nilipaswa kumpongeza kwa hilo. Tatizo ni kwamba hakuchagua kunyamaza. Anayechagua kunyamaza husema "subiri" mara moja, kisha anaendelea.

Kuhusu la pili, mzee, sina jibu la kukufariji, nina msimamo tu. Vipimo vya mzigo wa akili viwe mali ya mafunzo, vibaki kati ya mwanafunzi na mkufunzi wake, na visitumike peke yake kumwondoa mtu kozini. Nalisema hilo kwa haki ya mwanafunzi, lakini hata anayejali jeshi pekee anapaswa kulikubali, kwa sababu mara wanafunzi watakapojua kwamba dodoso linaweza kuwarudisha nyumbani, kila mmoja ataandika kwamba kazi ilikuwa nyepesi. Utakuwa umenunua vifaa vya bei kubwa ili udanganywe kwa takwimu. Kwa kila mwanafunzi anayepimwa, ni lazima ijulikane kabla ya siku ya kwanza nani ataviona vipimo vyake, vitahifadhiwa muda gani, na vitafutwa lini.

#6 Mchangiaji

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa saikolojia, mwaka wa tatu, na ningependa utafiti wangu uwe katika eneo hili, katika shule ndogo ya urubani iliyo karibu nami. Vifaa vya EEG na vya kufuatilia macho sitavipata. Je, kuna kazi ya maana inayoweza kufanyika kwa karatasi na kalamu tu, au nitakuwa nachezea?

#7 Mleta uzi

Dada, hutakuwa unachezea hata kidogo. NASA-TLX ilizaliwa ikiwa karatasi na bado inafanya kazi vizuri ikiwa karatasi. Utahitaji mambo matatu: dodoso hilo, saa ya kuhesabu sekunde, na mkufunzi aliye tayari kukuruhusu ukae nyuma kimya.

Chagua zoezi moja na ulitengenezee viwango vitatu vya ugumu, ukiongeza kitu kimoja tu kila hatua, kwa mfano upepo wa ubavuni, halafu mabadiliko ya njia ya kutua. Kwa kazi ya ziada tumia redio, kwa kuwa ni sehemu ya urukaji na haimshangazi mwanafunzi. Pima sekunde tangu mnara unapomaliza kusema hadi rubani anapoanza kujibu, na uandike kama ameyarudia maagizo kwa usahihi. Hizo sekunde, zikiwekwa kando ya alama ya mkufunzi na kando ya dodoso, zitakuonyesha mengi.

Uwe mwangalifu unapolitafsiri dodoso kwa Kiswahili. Neno "juhudi" na maneno "mahitaji ya kiakili" huchanganywa na watu wengi, kwa hiyo weka mfano chini ya kila mzani na uwajaribie watu watano kabla ya kuanza. Mzani wa matokeo nao una mtego: mizani mingine mitano huanza na "kidogo" upande wa kushoto na kuishia na "sana" upande wa kulia, lakini huu huanza na mafanikio kamili kushoto na kuishia na kushindwa kulia. Nimeona karatasi ambazo mwanafunzi aliyetua vizuri sana alijipigia alama ya kulia kabisa akidhani anajisifu. Waonyeshe kwa kidole kabla hawajaanza kujaza.

La mwisho ni wakati wa kujaza. Mwanafunzi akishashuka, akanywa maji na kusikia maoni ya mkufunzi, ataandika maoni ya mkufunzi. Mpe karatasi akiwa bado kitini, mikanda haijafunguliwa, injini ya simuleta ndiyo kwanza imezimwa, na mwombe mkufunzi asiseme neno, hata "vizuri", mpaka kalamu iwekwe chini.